Kamera Mpya Hutaka Mazoezi Kabla ya Kazi

Askari aliyekabidhiwa bunduki mpya hapelekwi mstari wa mbele siku hiyo hiyo. Hufundishwa kwanza kuifungua na kuifunga, kuisafisha na kulenga, mpaka mikono yake iijue hata gizani. La kushangaza ni kwamba jamaa ya askari huyo huyo ikinunua kamera ya dijitali ya kitaalamu, chombo chenye vifungo vingi kuliko bunduki, aghalabu huitoa sandukuni Ijumaa na kuipeleka arusini Jumamosi.

Katika Jinja na Mbale, miji iliyopandishwa daraja kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, upigaji picha ni kazi inayoweza kuilisha nyumba. Zipo arusi, mahafali, wageni wa Chanzo cha Nile, na sherehe za imbalu za Wamasaba. Kwa hiyo si ajabu jamaa ya askari kukopa ili kununua kamera, kwa kuwa wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Lakini mkopo hukatwa katika mshahara kila mwezi, picha zitoke zisitoke. Ndiyo maana mazoezi si anasa. Ni kinga ya chakula cha watoto.

Mwanga ni Ule Ule

Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa Marekani mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa katika kaseti. Kamera za leo hufikia nukta milioni 24 na zaidi, na picha huonekana papo hapo. Hata hivyo mwanga haukubadilika, na mambo yanayoutawala yamebaki matatu.

La kwanza ni tundu la lenzi, na la pili ni kasi ya shata. Mambo haya hufanya kazi kama mtu anayejaza mtungi bombani: bomba likifunguliwa sana, mtungi hujaa upesi, likifunguliwa kidogo, hapana budi kungoja. Yafaa kukumbuka kwamba namba ndogo katika lenzi, mathalani 2.8, ni tundu kubwa, na namba kubwa, kama 11, ni tundu dogo. Jambo hili huwatatiza wengi wanaoanza. La tatu ni ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Hili ni kama sauti ya redio inayoshika kituo cha mbali: ukiiongeza, na mkwaruzo huongezeka. Picha ya ISO ya juu huingia chengachenga.

Majuma Manne ya Nyumbani

Juma la kwanza lishughulikie tundu peke yake, kwa kumpiga picha mama aliyeketi mlangoni na kutazama jinsi ukuta wa nyuma unavyofifia au kuonekana wazi. Juma la pili liwe la kasi: watoto wanaofukuza mpira uwanjani ni walimu wazuri, kwa maana hawangoji mtu. Juma la tatu liwe la ISO, wakati wa chakula cha usiku kwa mwanga wa taa. Juma la nne mwenye kamera afumbe macho na kutafuta kila kifungo kwa vidole, kama alivyofundishwa askari. Picha hizi hazina gharama ya filamu, ambayo zamani ilitoa picha 36 tu kwa roli moja. Basi makosa yote na yafanyike nyumbani, yasikolipiwa.

Jinja na Maji, Mbale na Unga

Kila mahali pana mtego wake. Huko Jinja mtego ni maji. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya wastani. Mgeni akisimama mbele ya Nile inayometameta, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso wa mtu hugeuka kivuli. Ndivyo linavyofanya pia gauni jeupe la bibi arusi. Dawa yake ni kifungo chenye alama za kuongeza na kupunguza: mpiga picha aongeze hatua moja, atazame uso, wala si maji. Ama kuhusu bwawa la Nalubaale, daraja la Nile na kambi, jamaa za askari wanajua: ruhusa huombwa kwanza, picha baadaye.

Mbale, chini ya Mlima Masaba, mtego ni mkubwa zaidi. Imbalu hufanyika katika miaka isiyo witiri, na uzinduzi wake hufanyika uwanja wa Mutoto mwezi Agosti. Kijana huja amepakwa unga, umati ukicheza na vumbi likipanda. Unga huidanganya kamera kama maji ya Jinja yanavyoidanganya, na vumbi huingia ndani pindi lenzi ikibadilishwa uwanjani. Lenzi ifungwe nyumbani, kasi iwekwe 1/500 au zaidi wakati wa ngoma, na taa ya kamera izimwe ili isimwangaze kijana machoni anaposimama imara. Picha ya uso wake inatosha. Utupu wake si bidhaa.

Tendo lenyewe ni la muda mfupi, na kijana hutahiriwa mara moja tu. Hakuna wa kumwambia arudie. Ikiwa baba yake yuko kazini Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalifika mwaka 2007, picha hiyo ndiyo njia yake ya kuwapo siku ile. Mpiga picha anayetafuta kifungo dakika hiyo amemnyima baba kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha.

Kuhifadhi

Kazi haiishi kwa kubonyeza. Mwaka 2015 shirika la utangazaji la Uganda, UBC, lilionekana kuwa na maelfu mengi ya negativu za enzi ya Idi Amin, na baadhi ya picha hizo zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, mwaka 2019. Zilidumu miaka arobaini kwa sababu ziliwekwa kabatini. Picha ya dijitali hufutika kwa kidole kimoja. Kwa hiyo zinakiliwe mahali pawili usiku ule ule, ziandikwe tarehe na jina la shughuli, na kadi isifutwe kabla ya mwenye arusi kupokea zake.

Mwenye kutimiza hayo na apokee malipo ya kwanza bila hofu. Asiyetimiza na amwombe mwenye ujuzi amchukue kuwa msaidizi kwa arusi mbili tatu, abebe mizigo na kutazama. Kubeba mizigo ya mwingine si aibu. Aibu ni kumrudishia bibi arusi fedha zake bila picha.