Viungo vya "Usifuate" na Deni la Kutaja Chanzo

Miongoni mwa mambo madogo yaliyomo katika intaneti, ambayo mtumiaji wa kawaida hayaoni kamwe, ni neno moja la Kiingereza linaloandikwa ndani ya msimbo wa kurasa: nofollow, yaani "usifuate". Neno hili halibadili rangi ya kiungo, halimzuii msomaji kukibonyeza, wala halifichi ukurasa unaoelekezwa. Kazi yake ni kuziarifu injini za kutafuta habari kwamba mwenye ukurasa hamdhamini yule anayemtaja. Tangu lilipobuniwa mwaka 2005, limetumiwa kwa manufaa na limetumiwa pia kwa uchoyo. Na uchoyo huo ndio unaostahili kuzungumzwa, maana unagusa desturi ambayo kila mwalimu wa sekondari huwafundisha wanafunzi wake, nayo ni desturi ya kumtaja aliyekupa habari.

Fikra yenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Katika miaka ya 1960 Eugene Garfield, wa Philadelphia nchini Marekani, alianza kuchapisha faharasa iliyoonyesha ni makala gani ya sayansi imetajwa na makala gani nyingine. Msingi wake ulikuwa kwamba kazi inayotajwa na wataalamu wengi yaelekea kuwa na jambo la maana ndani yake. Mwaka 1976 Gabriel Pinski na Francis Narin walisogeza mbele fikra hiyo kwa kupendekeza kuwa kutajwa na jarida lenye sifa kuhesabiwe kuwa na uzito zaidi ya kutajwa na jarida lisilojulikana. Ndipo mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walipoeleza jinsi ya kuzipanga kurasa za intaneti kwa kanuni ya namna hiyo. Kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kilihesabiwa kuwa kura, na kura ya ukurasa uliopigiwa kura nyingi ikawa nzito. Hesabu hiyo waliiita PageRank, na juu yake ikajengwa Google.

Hesabu hii si ngumu, na yafaa kufanyiwa zoezi darasani. Ichukuliwe kwamba ukurasa mmoja una uzito wa 1, nao una viungo vinne vinavyotoka. Katika maelezo ya mwaka 1998, sehemu ya uzito inayopitishwa ni 0.85, kwa kuwa hudhaniwa kwamba msomaji anayetembea ovyo kutoka ukurasa hadi ukurasa hatimaye huchoka na kuanza upya mahali pengine. Basi 0.85 hugawanywa kwa nne, na kila ukurasa unaotajwa hupata 0.2125. Kurasa hizo nazo huugawa uzito wao kwa njia ile ile, na hesabu hurudiwa mara nyingi hadi tarakimu zinapotulia. Hata hivyo, mwanafunzi asidhani kwamba Google ya leo hufanya hesabu hii peke yake. Vigezo vyake sasa ni vingi mno na vingi havijatangazwa, na tangu mwaka 2016 tarakimu ya PageRank ya kila ukurasa haionyeshwi tena kwa umma.

Penye kura hapakosi mnunuzi wa kura. Mara ilipojulikana kwamba viungo huinua tovuti, wafanyabiashara wa dawa bandia, wa kamari na wa mikopo walitengeneza programu zilizokwenda kila mahali paliporuhusu wasomaji kuandika maoni, zikabandika viungo kwa maelfu. Mwenye tovuti aliamka asubuhi na kukuta amewapigia kura watu asiowajua. Januari 2005 Google, Yahoo na Microsoft, washindani wasiokubaliana katika mengi, walitangaza kwa pamoja kwamba wangeitambua alama ya nofollow: kiungo chenye alama hiyo kisingehesabiwa kuwa kura. Takataka hazikukoma, kwani kutuma viungo milioni hakugharimu kitu na daima yupo msomaji atakayebonyeza. Lakini mwenye tovuti alipata njia ya kusema, "maneno haya yapo kwangu, ila si yangu." Hilo lilikuwa jema, na hapana budi kulitetea hata leo.

Ubaya ulianza pale alama iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni wasioalikwa ilipoelekezwa kwa watu waliokaribishwa. Katika mfano wa juu, mwenye ukurasa aligundua kwamba akitia alama ya "usifuate" kwenye viungo vitatu kati ya vinne, kile kimoja kilichobaki kingepata 0.85 yote. Naam, kwa nini asifanye hivyo? Washauri wa biashara walifundisha kazi hiyo kana kwamba ni ufundi wa kuchonga: uzito ulizuiliwa usitoke nje, ukaelekezwa kwenye kurasa za mauzo. Mwezi Juni 2009 Matt Cutts, mhandisi wa Google, alieleza kwamba mlango huo ulikuwa umekwisha kufungwa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Tangu hapo viungo vyenye alama vilihesabiwa katika kugawanya, ila fungu lao halikumfikia mtu yeyote. Katika mfano ule ule, kiungo kilichobaki kingepata 0.2125 tu, na 0.6375 ingepotea kama mvuke. Mchoyo, kwa hiyo, hakubakiwa na chochote alichodhani amekiweka akiba.

Jambo la kusikitisha ni kwamba desturi ilibaki baada ya faida kuondoka. Hadi leo zipo tovuti zinazotia alama ya "usifuate" kwenye kila kiungo kinachotoka, pasipo kuchagua. Mwandishi huchukua takwimu katika ripoti ya mtafiti, humtaja kwa jina, huweka kiungo, kisha msimbo wa tovuti yake hukana kimyakimya kile ambacho sentensi imekiri. Darasani jambo hilo lingeitwa kutaja chanzo kwa midomo tu. Wapo wanaojitetea kwamba wanaogopa adhabu ya Google. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa kinachoadhibiwa ni viungo vya kununuliwa na vya kughushi, wala si rejeo la kweli la mwandishi mwaminifu. Mfano unaojulikana ni wa duka la Marekani la J. C. Penney. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka hilo lilikuwa limeinuliwa na maelfu ya viungo vilivyopandikizwa katika tovuti zisizohusiana nalo hata kidogo, na Google ikalishusha mara moja. Hapo ndipo alama ilipohitajika, nako haikuwekwa.

Wikipedia ni kesi ngumu zaidi, na haifai kuhukumiwa kwa haraka. Januari 2007 Wikipedia ya Kiingereza iliamua kutia alama hiyo kwenye viungo vyote vinavyotoka nje, kwa sababu yeyote aweza kuihariri, na wauza viungo walikuwa wakiivamia kila siku. Sababu hiyo yaeleweka. Lakini matokeo yake ni ya upande mmoja: kamusi elezo hiyo hupokea uzito kutoka tovuti nyingi mno duniani, nayo haimrudishii dhamana yule mwanahistoria au mtaalamu wa mimea ambaye maelezo yake ndiyo yaliyoijaza. Marejeo yaliyokaguliwa na wahariri wengi kwa miaka mingi yamewekwa fungu moja na kiungo kilichobandikwa jana na mpita njia.

Kwa Kiswahili suala hili lina uzito wa pekee. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, nayo hutia alama ile ile kwenye viungo vya nje, kwa kuwa ndivyo programu yake ilivyopangwa. Katika lugha yenye tovuti nyingi, ukurasa mzuri ukikosa kura hapa utaipata kwingine. Katika lugha ambayo tovuti zake za elimu ni chache, kila kiungo kinachonyimwa dhamana huonekana. Shule inayochapisha masomo yake ya fizikia kwa Kiswahili, na kuyaelekeza kwenye kazi ya shule nyingine bila alama ya kukana, huenda ikaisaidia kazi hiyo kuonekana kuliko itakavyosaidiwa na tangazo.

Tangu Septemba 10, 2019 mambo yamelegea kidogo. Google ilitangaza maneno mawili mapya: sponsored kwa viungo vilivyolipiwa, na ugc kwa maandishi ya wageni, huku nofollow ikibaki kwa mengineyo. Pia ilisema kwamba alama zote tatu zitachukuliwa kuwa dokezo tu badala ya amri, na kuanzia Machi 1, 2020 dokezo hilo likahusu hata kuzuru na kuorodhesha kurasa. (Anayetaka ukurasa wake usionekane kabisa katika matokeo hana budi kutumia njia nyingine, mathalan alama ya noindex au neno la siri.) Kwa hiyo, injini yenyewe imejipa haki ya kuamua iwapo ukanushaji wa mwandishi ni wa kweli. Wenye tovuti waliotia alama kila mahali wamejinyima sauti, kwani anayekana kila kitu hawezi kuaminiwa anapokana kitu kimoja.

Mwalimu anayetaka kuona jambo hili kwa macho aweza kufungua tovuti yoyote katika kompyuta, akabonyeza upande wa kulia wa kipanya, akachagua kuonyeshwa msimbo wa ukurasa, kisha akalitafuta neno nofollow. Wanafunzi wahesabu ni viungo vingapi vinavyolibeba na vingapi havilibebi, halafu wasome kila sentensi iliyo na kiungo chenye alama na kuuliza iwapo mwandishi wake alikuwa na sababu.