Amplifaya ya Valvu Yasingiziwa

Lipo neno lipendwalo na wauza spika, nalo ni kwamba amplifaya ya valvu ni dhaifu. Mtu hununua spika nzito za kisasa, akazifunga kwa amplifaya ya wati 8. Muziki hutoka mnyonge, besi ikalegea, na hukumu ikapita papo hapo kwamba valvu imepitwa na wakati. Hukumu hiyo ni dhuluma, maana aliyeshitakiwa siye mkosaji.

Asiyesadiki na aitazame safari ya mwaka 1906. Mwaka huo Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akapanda Uwanda wa Makonde mpaka Newala, na katika mizigo yake ilikuwamo fonografu. Nyimbo za wenyeji zilichorwa katika mitungi ya nta, kisha wenyewe wakazisikia zikitoka katika chombo kile kile. Umeme haukuwapo, wala valvu. Mwaka ule ule ndipo Lee de Forest alipokuwa akiunda valvu yake Marekani. Nguvu ilikuwa ya kamani na sindano tu. Kazi kubwa ilifanywa na pembe, na pembe haiongezi nguvu hata chembe: huoanisha mtikisiko mdogo wa kiwambo na hewa pana ya nje, ili nguvu iliyopo isipotee njiani.

Hayo leo yana tarakimu. Spika moja ikipewa wati 1 hutoa desibeli 86 kwa umbali wa mita moja. Nyingine, yenye pembe, hutoa 96. Tofauti ya 10 yaonekana ndogo, kumbe maana yake ni nguvu mara kumi. Kazi ambayo spika ya pili huifanya kwa wati 8, ya kwanza huidai 80. Na valvu moja ya 300B ifanyayo kazi peke yake hutoa wati zipatazo 8. Wanawake wa Newala waliokuwa wakishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani waliijua hesabu ya namna hii. Fundi wa pampu naye huuliza kwanza kimo cha mlima. Mnunuzi wa spika haulizi.

Watasema: basi inunuliwe amplifaya kubwa ya valvu. Jozi ya EL34 hutoa kama wati 35, na jozi mbili hutoa 70. Hata hapo 80 haijafikiwa, na chumba kimekwisha kuwa tanuri. Kila nguvu inapoongezwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Redio za valvu zilizotumia betri, zilizosikilizwa vijijini katika miaka ya 1950, nyingi hazikufika hata nusu ya wati, na barazani zilisikika, kwa kuwa karatasi ya spika zake ilikuwa nyepesi.

Tena liko jambo la ukinzani, ambalo wauzaji hulipita kimya. Spika iliyoandikwa omu 8 yaweza kushuka hadi 3 katika sauti nene. Amplifaya ya valvu huzungumza na spika kwa njia ya transfoma yenye ncha za omu 4, 8 na pengine 16. Spika ya namna hiyo na ijaribiwe kwenye ncha ya 4, hata kama kibandiko chake chasema 8, na masikio yaamue. (Amplifaya ya valvu isipigishwe muziki bila spika: volti huweza kupanda mno ndani ya transfoma zikaiunguza.)

Haisemwi hapa kwamba valvu ni bora kuliko transista. Mwenye kuzipenda spika zake za desibeli 86 na anunue transista ya wati 100, wala asione haya. Lakini yule aliyerithi amplifaya ya valvu, akashauriwa aiuze kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu “haina nguvu”, na aazime kwanza spika yenye pembe kwa jioni moja, kabla hajapokea fedha.