NANI ATAKAYEKAGUA KISIMA?

Ndugu wanachama, mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya kutafuta na kuchimba mafuta na gesi asilia Zanzibar. Sheria hiyo hatuibezi. Tuulizalo ni hili: mkaguzi atakayepanda mtamboni usiku, akaona saruji ya kisima haikushika, je, atakuwa na amri ya kusimamisha kazi, hali kila siku ya kungoja ni khasara kubwa kwa mwenye mtambo?

Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, saruji ya kisima cha Macondo ilishindwa kuzuia gesi. Mtambo wa Deepwater Horizon ukalipuka. Watu 11 wakafa, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87. Na hiyo ni Marekani! Idara iliyokagua usalama ndiyo hiyo hiyo iliyokusanya mapato ya mafuta; baada ya maafa ndipo kazi hizo zikatenganishwa.

Sisi hatuna haja ya kungojea letu. Twaitaka Serikali imweke mkaguzi mbali na mkono uhesabuo mapato, na mvuvi wa Pemba asomewe kanuni zote kwa Kiswahili kabla ya keekee kugusa sakafu ya bahari yake.