Kizuri Chajiuza, Lakini Huduma Je?

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, swali moja huzuka katika vijiji vya Matsangoni, kama lizukavyo kwingineko nchini: kijana asiyepata nafasi ya chuo afanye nini? Wapo wamshaurio afungue kiduka au achuuze maembe kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Wapo wamwambiao atafute pikipiki abebe abiria, au awaongoze watalii katika Hori ya Mida. Nyuma ya mashauri hayo limejificha swali la kale la biashara: ni lipi jepesi, kuuza bidhaa au kuuza huduma? Jibu alitoalo mwalimu si jambo dogo, maana aghalabu ndilo liamualo mbuzi aliyeuzwa na mzazi atageuka kuwa kitu gani.

Tuanze na lugha yenyewe, kwani humo mna ushahidi. Mswahili huuza bidhaa, lakini huduma huitoa. Neno “huduma” lina undugu na “hadimu”, yaani mtumishi, na bado limebeba harufu ya hisani. Tazama pia majina ya malipo. Embe, samaki na sufuria vyote vina bei. Lakini anayesafirishwa hulipa nauli, anayesomeshwa hulipa karo, anayepangishwa hulipa kodi, na kibarua hupewa ujira. Kila huduma ina jina lake la malipo, kana kwamba twaona haya kuiita bei. Sisemi kwamba lugha humfunga mtu mawazo. Nasema tu kwamba mazoea ya jamii huacha nyayo zake katika msamiati. Mwenye duka akitaja bei hakuna anayeshangaa, lakini kijana aliyemtengenezea jirani redio aghalabu huambulia “ahsante mwanangu, Mungu akubariki”, kisha kimya.

Wahenga nao walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya bidhaa. Embe ngowe hubonyezwa, hunuswa, na mnunuzi akaridhika kabla ya kutoa shilingi yake. Huduma haibonyezwi. Abiria hupanda pikipiki kabla ya kujua kama mwendeshaji ni mwangalifu, na mgeni hulipia safari ya mtumbwi kabla ya kuona ndege hata mmoja. Muuza huduma kwa kweli huuza ahadi, na ahadi ya mtu usiyemjua ni nzito kununuliwa. Zaidi ya hayo, sifa zake zaweza kumponza, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo tukiuliza ni lipi jepesi kuuzika siku ya kwanza, jibu halina utata: ni bidhaa.

Hata hivyo, wepesi wa kuuza si sawa na faida ya kuuza. Chukua mfano wa korosho, zao linalojulikana kila boma katika Kilifi. Kiwanda cha korosho cha mjini Kilifi kilianza kazi katika miaka ya 1970, kikabinafsishwa katika miaka ya 1990, kisha kikafungwa. Mkulima hakukosa wanunuzi. Walanguzi walimfuata hadi chini ya mkorosho. Alichokosa ni usemi juu ya bei. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi, ili kazi ya kuzibangua ibaki nchini. Sheria hiyo ilikuwa imegusa kiini cha jambo: korosho ghafi ni bidhaa tupu, ilhali kuibangua, kuichambua na kuifungasha ni kazi ya watu, na kazi hiyo ndiyo iongezayo thamani. Maembe nayo ni vivyo hivyo. Msimu ukifika miti huiva kwa pamoja, na mwenye lori ndiye atajaye bei, kwa kuwa ajua fika kwamba embe haliwezi kungoja.

Je, muuza huduma ana nafuu? Mtaji wake mara nyingi ni mdogo, na ujuzi wake hauozi kama embe. Lakini huduma haiwekwi ghalani. Mwongozaji aliyekosa mgeni Jumanne hawezi kuiuza Jumanne hiyo siku ya Jumatano. Pwani yetu imelionja jambo hili mara nyingi: baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, baada ya shambulio la hoteli ya Kikambala Novemba 2002, baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na wakati wa korona mwaka 2020. Kila mara wageni walipopungua, bahari ilibaki pale pale, mitumbwi ikabaki pale pale, na riziki ikatoweka. Tena huduma isiyohitaji ujuzi wa pekee huigwa upesi. Pikipiki ndogo zilipoondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, vijana wengi waliingia kazi hiyo, na leo kituo kimoja chaweza kuwa na waendeshaji wengi kuliko abiria.

Basi huenda tumeliuliza swali vibaya, kwa kutenga vitu viwili ambavyo hustawi vikiwa pamoja. Pale Gede, kwenye ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993. Wakulima hufuga viwavi hadi wawe pupa (si ile pupa imponzayo mlafi), na pupa hizo huuzwa kwa maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Hiyo ni bidhaa, tena bidhaa isiyosubiri, kwani baada ya siku chache kipepeo hutoka. Kinachoiuza hasa ni huduma iliyoizunguka: kuchagua, kufungasha kwa uangalifu na kufikisha kwa wakati. Huko Dabaso nako kikundi cha wenyeji kimejenga njia ya mbao kupita juu ya mikoko hadi kwenye mkahawa wa kaa. Kaa auzwaye barabarani hupata bei ya kaa. Kaa huyo huyo akiliwa juu ya maji, hori ikitandazwa mbele ya mlaji, hulipiwa pia mandhari, mapishi na ukarimu. Na katika mpango ulioanzishwa mwaka 2001 na shirika la A Rocha Kenya, ada za wageni wanaotembelea mikoko ya Mida husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari.

Wakazi wa Uyombo wameuelewa umoja huu bila kusomea biashara. Walipopinga mpango wa kujenga kituo cha nishati ya nyuklia kwao, hasa mwaka 2023 na 2024, walitaja samaki na watalii kwa pumzi moja. Samaki ni bidhaa, utalii ni huduma, na vyote viwili hunywa maji ya hori moja. Hori ikiharibika, hakutakuwa na haja ya kubishana ni lipi jepesi kuuza.

Kwa walimu wenzangu, nina neno moja. Kijana akija kuomba ushauri, tusimpe jibu la “uza hiki” au “fanya kile”. Tumuulize maswali matatu: Nani atakayetaja bei, wewe au mnunuzi? Siku mnunuzi asipokuja, utabaki na nini? Na ni kazi gani ya mikono au ya akili utakayoiongeza juu ya kile ambacho kila jirani anacho? Tumfundishe pia kutaja malipo yake kabla ya kuanza kazi, kwa adabu lakini bila haya, na kutimiza ahadi kama alivyoitoa. Mwenye kuyajibu maswali hayo ataweza kuuza embe au safari ya mtumbwi. Asiyeweza kuyajibu atauza vyote viwili kwa bei aliyoitaja mwingine.