Nani Kasema Siasa Zimeisha

Vuli moja ya mwaka wa uchaguzi nilikuwa kijijini kwetu, kwenye miteremko ya chini ya milima ya Usambara. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Kumbikumbi walijaa kwenye taa ya barazani, watoto wakatoka na beseni la maji kuwatega, na mama akashusha darini kopo la mbegu za mahindi alizozihifadhi kwa majivu. Alfajiri jirani yetu alipita na jembe begani. Ni mzee niliyemwamkia tangu najifunza kusema. Nilimpa shikamoo yake, kisha nikamuuliza kama atakwenda kwenye mkutano wa kijiji uliotangazwa kufanyika Jumamosi. Hakusimama hata kidogo.

"Marahaba. Siasa zimeisha, mwanangu," alisema akiwa ameshanipita. "Sasa kazi."

Msemo huo nimeusikia kwa kondakta wa basi pale Segera, kwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne, hata kwa shangazi yangu ambaye majuma matatu kabla alikuwa akilinda kura za chama chake kituoni bila kula. Wote huutamka kwa sauti ya mtu aliyepona homa. Anayeubisha huonekana mkorofi asiye na shamba wala shughuli. Mimi naubisha. Siasa hazina msimu, na msemo huu tunaouita hekima ya mkulima unawafaa zaidi wale waliokwisha kupata walichokuwa wakikitafuta kwa mkulima.

Nikiri kwanza kwamba kalenda yenyewe inatusukuma huko. Tangu vyama vingi virejee, uchaguzi mkuu wa Tanzania umefanyika Oktoba: 1995, 2000, 2010, 2015, 2020 na 2025. Ule wa 2005 tu ndio uliosogezwa hadi Desemba 14, baada ya mgombea mwenza wa chama kimoja kufariki siku chache kabla ya kura. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 na 2024 nao ulifanyika Novemba. Kwa hiyo mikoa yenye misimu miwili ya mvua, kama Tanga, Kilimanjaro, Pwani na Kagera, hupiga kura udongo ukianza kulowa. Wamarekani walipiga hesabu tofauti. Mwaka 1845 Bunge lao lilichagua Jumanne ya mwanzoni mwa Novemba kwa sababu mavuno yalikuwa yamekwisha kuingia ghalani na barabara bado zilipitika. Kamusi zetu huuita msimu wao huo "vuli" pia, ingawa kwao ndipo majani hupukutika na watu hufunga madirisha, na kwetu ndipo kila kitu huchipua. Mkulima wao alikwenda kupiga kura kazi ikiwa imekwisha. Wa kwetu huenda kazi ikimngoja mlangoni, na kabla wino haujatoka kidoleni tayari kidole kimeshika mpini.

Tazama sasa kinachoendelea tukiwa tumeinama. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na wengi wetu hudhani bajeti hutungwa Juni, siku ile waziri anapopigwa picha na mkoba wake. Siku hiyo ya Juni ni ya kusomewa tu. Kwa kawaida mapendekezo ya mpango na mwongozo wa bajeti hufika bungeni Dodoma mwezi Novemba, na katika majuma yanayofuata vijiji na kata hutakiwa kupeleka vipaumbele vyao halmashauri kwa utaratibu uitwao fursa na vikwazo kwa maendeleo. Swali la "mnataka nini" huulizwa katika siku zilezile tunazotangaziana kwamba siasa zimekwisha. Mahindi ya vuli yakija kuvunwa, mtu mwingine ameshalijibu.

Kwetu jibu lenyewe liko kando ya njia ya kwenda shule, pale korongo linapokata barabara. Mwezi mmoja kabla ya kura lori lilishusha makalvati manne, na kuna mama aliyepiga vigelegele. Kura zikapigwa, mvua ikaja, makalvati yakabaki juu ya nyasi. Fundi baiskeli amehamia ndani ya moja na kuning'iniza tairi mlangoni kama bango. Kuku hutagia katika jingine. Watoto wa darasa la kwanza huvushwa korongo mgongoni mwa kaka zao, na siku maji yakijaa hurudi nyumbani. Nilimuuliza mtu wa ofisi kwa nini hayafukiwi. Akanijibu kwa upole kwamba fedha ya kuyafukia haikuwekwa kwenye mpango. Nani alipanga? Mkutano. Mkutano upi? Akafungua daftari na kunionyesha muhtasari wa Desemba ya mwaka uliotangulia, wenye saini za watu thelathini na kitu, katika kijiji chenye kaya zaidi ya mia nne. Jina la jirani yangu mwenye jembe halikuwamo. La mama halikuwamo. Langu lisingeweza kuwamo, maana Desemba ile nilikuwa Dar es Salaam nikiandika makala kuhusu uwajibikaji.

Sheria namba 7 ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa haijui vuli wala masika. Kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Hiyo ni mara ishirini kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Humo ndimo mapato na matumizi yanapopaswa kusomwa, na humo ndimo, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ugawaji wa ardhi unapopaswa kuidhinishwa. Tunapanga foleni juani kwa ajili ya ile siku moja ya Oktoba. Hizi ishirini tunawaachia watu thelathini na kitu.

Na hii ndiyo nchi ambayo Mei 1972, mjini Iringa, chama cha TANU kilitoa tamko la "Siasa ni Kilimo". Yasome maneno hayo taratibu. Hayasemi siasa kwanza, kilimo baadaye. Yanasema ni kitu kimoja. Sidai kwamba yaliyofuata yalikuwa matamu: Operesheni Vijiji ilihamisha watu, wengine kwa nguvu, na bwana shamba akawa mtu wa kuamrisha ekari. Mkulima akabaki na kilimo, siasa ikaenda ofisini. Kosa lilikuwa hapo, katika kumnyang'anya mwenye jembe nafasi ya kusema. Tamko lenyewe lilikuwa sahihi kuliko msemo wa jirani yangu.

Miaka arobaini na kitu baadaye msemo huo ulipanda cheo. Ushindi wa uchaguzi wa 2015 ulipatikana kwa kaulimbiu ya "Hapa Kazi Tu", na Juni 2016 Rais John Magufuli alizuia mikutano ya hadhara ya kisiasa hadi uchaguzi mwingine, kwa hoja ileile ya barazani: kampeni zimekwisha, tuwaache watu wafanye kazi. Zuio hilo liliondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 3, 2023. Ni miaka sita na nusu. Kuna atakayeniambia kwamba katika miaka hiyo reli ya kisasa ilianza kujengwa na bwawa la Rufiji likaanza. Ni kweli. Lakini kuamua kwamba matrilioni yaende kwenye reli na bwawa badala ya kwingine ndiyo siasa yenyewe, tena siasa nzito. Haikusimama hata siku moja. Waliosimamishwa ni wale waliotaka kuijadili mbele za watu.

Kama bado unaamini kwamba bila sanduku la kura hakuna siasa, kumbuka tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 15, 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Hapakuwa na uchaguzi wowote karibu. Watu walilalamika sokoni, kwenye daladala, kwa mawakala wa fedha, misikitini na makanisani, hadi Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, baadaye ikapunguzwa tena. Ilipofika 2023 ya kutuma fedha ikafutwa. Wauza mitumba na kina mama wa nyanya waliifanya siasa hiyo wakiwa kazini, bila kufunga hata kibanda kimoja.

Au chukua mbolea. Jirani yangu anajua, kwa sababu aliwahi kupanda bila mbolea. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP ulikuwa umepita shilingi 130,000. Ruzuku ilipozinduliwa Agosti mwaka huo ukashushwa hadi 70,000. Nusu ya mavuno yake ilikuwa imelala ndani ya uamuzi uliofanywa mezani. Anaposema "sasa kazi", nusu ya kazi hiyo iko kwenye meza asiyotaka kuisogelea.

Oktoba 29, 2025 siwezi kuipita haraka. Siku ya kura iligeuka siku ya vurugu, watu wakauawa, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka usiku. Novemba 1 tume ya uchaguzi ikatangaza ushindi wa Rais Samia kwa zaidi ya asilimia 97. Novemba 14, akifungua Bunge, Rais alitoa pole kwa waliopoteza ndugu na kutangaza tume ya uchunguzi. Intaneti iliporudi, moja ya jumbe za kwanza kuingia kwenye kundi la ukoo wetu ilisema: "Poleni wote. Tumshukuru Mungu. Sasa turudi kazini." Aliyeiandika ni mtu mwema, namfahamu. Lakini matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na zipo nyumba ambazo kazi ya kurudiwa ilikwisha kuzikwa pamoja na mwenye nayo. Siku ile msemo wetu ulinitisha kwa mara ya kwanza. Nikawaza pia jambo jingine, ambalo halimpunguzii aliyeshika bunduki lawama yake hata chembe: tumewalea vijana kwa kuwaambia kwamba siasa ni siku moja katika miaka mitano. Siku hiyo tukaibebesha mzigo wa siku elfu moja na mia nane, halafu tukashangaa ilivyoelemewa.

Nayasikia mapingamizi. Watu wamechoka. Wengine wanaogopa, na woga wao una sababu. Na mvua haimngoji mtu: ukichelewa kupanda juma moja, mahindi yanakutana na Januari kavu yakiwa bado yanachanua. Hili la mvua ndilo pekee linaloniumiza kichwa, maana jirani yangu hakuwa mvivu. Mkutano ulipangwa saa nne asubuhi, Jumamosi, udongo ukiwa umelowa. Sina ushahidi kwamba ilikuwa makusudi. Nakumbuka tu kwamba mikutano ya kampeni yote iliitishwa saa kumi jioni, jua limepoa, na muziki juu. Walioiitisha walijua vizuri kabisa ni saa ngapi mkulima anarudi kutoka shamba.

Na wao hawana vuli. Mjumbe wa shina wa chama kinachotawala hajawahi kutangaza kwamba kazi yake imeisha. Novemba yumo, masika yumo, kwenye msiba yupo mstari wa mbele, kwenye harusi ameshika bahasha. Anajua nani anaumwa na nani ana deni dukani. Wapinzani wake wengi hukunja bendera siku ya matokeo na kurudi mjini hadi miaka mitano ipite, kisha huja kutuuliza kwa nini hatuwakumbuki. Nao ni waumini wa msemo uleule, sema wao hawaukiri.

Jumamosi ile nilikwenda. Tulikuwa kumi na tisa chini ya mwembe, tukipigwa na harufu ya maembe mabichi yaliyoangushwa na upepo, tukingoja akidi hadi saa saba mchana. Haikutimia. Mkutano ukaahirishwa, na kwa desturi ya kwetu mkutano wa pili hupitisha mambo na waliopo, hata wakiwa kumi na tisa. Tangazo jipya likabandikwa kwenye mlango wa ofisi. Usiku mvua ikapiga kwa upepo.

Asubuhi mama alinituma nikasome tarehe. Wino ulikuwa umechuruzika wote hadi chini ya karatasi. Kilichosomeka ni muhuri. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua kunde za mbegu kwenye ungo.

"Basi nenda nyumbani kwa mwenyekiti ukamuulize," alisema. "Na ukipita kwa jirani, mwambie kabla hajaenda shamba apitie hapa anywe chai. Nina neno naye."