Kazi Ipo, Mishahara Ndiyo Haipo

Makala iliyowashauri vijana wa Kisumu waache historia, fasihi na sanaa za jamii kwa madai kwamba hazina ajira imekosea shabaha. Kazi ipo. Mwandishi Asenath Bole Odaga alikusanya ngano za Waluo, akaanzisha Lake Publishers papa hapa Kisumu. Makumbusho ya Kisumu yamefundisha umma tangu 1980. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, Migori, ziliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, nazo zinahitaji wasimulizi waliosoma.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Tusiwatishe vijana. Tuzibane kaunti zitenge nafasi za kudumu zenye mshahara, ziache kuwaita wasanii siku ya sherehe na kuwaaga kwa soda.