Kisu cha 25,000 Kinakuokoa na Nini?

Tuanze na bei, maana bei ndiyo ugomvi wenyewe. Kuna kisu kinaitwa Fällkniven F1, chapa ya Sweden, ambacho huko nje kinauzwa kwa kama dola 200. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya shilingi 25,000, na bado hujalipa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Kikifika Nairobi kimeshakula kodi ya bedsita ya miezi mitatu. Ukikitoa kwenye ala yake unakuta bapa la milimita 97. Ni refu kidogo tu kuliko kidole chako cha kati.

Sisemi ni kisu kibaya. Ni kisu kizuri sana, na kwa sababu hiyo ndiyo nimekichagua. Kupiga vita takataka ni kazi rahisi. Swali langu ni gumu kidogo: kizuri hicho kina thamani ya bei yake kwako wewe, kijana wa Roysambu unayepanda Longonot Jumamosi na kurudi mjini jioni kula nyama choma?

Ukiuliza hivyo, watu wa visu wana jibu moja tayari: "Kwani maisha yako yana bei gani?" Sikiliza hilo swali vizuri. Halihusu kisu hata kidogo. Ni swali la muuza bima, la mhubiri wa sadaka ya mbegu, la kila mtu anayetaka uone aibu kuuliza bei. Maisha yakishawekwa upande mmoja wa mizani, upande wa pili unaweza kuweka chochote, na kitaonekana rahisi. Basi tuondoe maisha kwenye mizani kwanza, tupime chuma.

Pesa za kisu cha namna hii zinalipia vitu vitatu. Cha kwanza ni chuma chenyewe. F1 imetengenezwa kwa VG10, feleji ya Kijapani yenye kaboni ya kama asilimia 1 na kromiamu ya kama asilimia 15. Kaboni inaleta makali yanayodumu, kromiamu inafukuza kutu. Cha pili ni moto. Chuma hupashwa hadi kiwe chekundu, kikazamishwa ghafla, kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama glasi, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo ili kipate uvumilivu. Ukikosea digrii chache hapo, chuma bora duniani kinakuwa bati. Cha tatu ni hadithi: picha ya theluji, mtu mwenye ndevu, na neno "kunusurika" limeandikwa kila mahali.

Viwili vya kwanza ni vya kweli na vina gharama. Lakini havipandi pamoja na bei. Chukua kisu cha Mora, kutoka mji wa Mora huko huko Sweden, ambako wamekuwa wakitengeneza visu tangu 1891. Ile Companion yao ni kama dola 20, yaani shilingi 2,600 hivi. Chuma kizuri, kimepikwa vizuri, makali yake yananyoa. Kutoka kisu cha supermarket cha bob 200 hadi Mora, umepanda ngazi nzima. Kutoka Mora hadi F1 umepanda kidato kimoja, na umelipia kama lifti.

Kidato hicho ni nini? Ni unene. Mora ina milimita 2.5, F1 ina 4.5. Msuka wa Mora, yaani ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini, haufiki mwisho. Wa F1 unapita mpaka nyuma. Kwa hiyo F1 unaweza kuigonga mgongoni kwa gogo ukapasua kuni, na haitalia. Watu wa visu wanaipenda hii kazi kuliko kitu chochote. Sasa niulize kwa heshima: tangu lini mtu wa nchi hii akapasua kuni kwa kisu? Tuna panga. Tuna shoka. Nyanya yako akikuona unagonga kisu cha 25,000 kwa rungu ili upate vijiti vya kuchemsha chai, atakuonea huruma, kisha atakuonyesha panga liko wapi. Nalo panga halikufika hata elfu moja.

Najua kuna jibu la haki hapa, na nitalisema mwenyewe. F1 ilichukuliwa mwaka 1995 kuwa kisu cha marubani wa jeshi la anga la Sweden. Rubani akiruka kutoka ndege inayoanguka, anatua msituni kwenye theluji na kile tu alichojifunga mwilini. Hana nafasi ya shoka. Hawezi kurudi nyumbani kubadilisha. Kwake kisu kimoja kinene, kifupi, kisichoshika kutu ni hesabu sahihi kabisa. Na hela ni ya jeshi. Shida si rubani. Shida ni sisi kununua jibu la rubani bila kuwa na swali lake.

Halafu kuna Aron Ralston. Hakuna mjadala wa visu unaokwisha bila jina lake. Aprili 2003, katika korongo la Bluejohn huko Utah, Marekani, jiwe kubwa lilimbana mkono wa kulia. Alikaa pale siku tano. Mwishowe alijivunja mifupa ya mkono, akakata nyama kwa kikorokoro cha bei rahisi chenye kisu butu. "Unaona?" wanasema. "Angekuwa na kisu cha maana!" Mimi naona kitu kingine. Ralston hakuwa amemwambia mtu yeyote anakokwenda. Angeacha ujumbe mmoja, watu wangejua mapema wamtafute wapi. Kitu alichokikosa zaidi mtu maarufu kuliko wote katika habari hizi kilikuwa cha bure.

Na milima yetu inafundisha hivyo hivyo. Mlima Kenya una mita 5,199. Kinachomwangusha mtu huko juu ni baridi, mvua iliyopenya jaketi, hewa nyembamba inayojaza maji kwenye mapafu, ukungu unaofunika njia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachoweza kukikata. Shilingi 25,000 zinakununulia jaketi lisilopitisha maji, tochi ya kichwani, betri ya akiba na siku ya gaidi anayeijua njia. Chenji inayobaki, nunua Mora. Lakini jaketi halipigi picha vizuri juu ya meza ya mbao, na gaidi hatundikwi kiunoni. Hapo ndipo ukweli ulipo, bana. Wengi hatununui usalama, tunanunua sura ya mtu anayejua kujiokoa.

Hata hivyo kuna jambo linaloniuma kuliko hizo picha. Nenda Kamukunji asubuhi usikie nyundo. Pale kuna mhunzi anayechukua springi ya lori iliyochoka, anaifua, anaichonga, anaitia mpini. Chuma cha springi kina kaboni ya kama asilimia 0.6, na kilitengenezwa kubeba tani za mizigo kwenye mashimo bila kuvunjika. Marekani kuna mafundi wanaofua visu kwa 5160, feleji ya ukoo huo huo wa springi, wakauza kwa mamia ya dola, na watu wa visu wanawaita wasanii. Wa kwetu anataja 800, na msee yule yule mwenye 25,000 ya Sweden anamwambia, "Buda, fanya 400."

Kisha anarudi nyumbani kulalamika kwamba kisu cha jua kali hakishiki makali. Kitashikaje? Kupika chuma kunataka muda, mafuta, mkaa na moto mdogo wa saa nzima baada ya ule mkubwa. Hayo yote ni gharama, na wewe umeshayakata kwenye bei kabla fundi hajawasha moto. Kwa bob 400 anapima moto kwa jicho na kuwahi mteja anayefuata. Hujanunua kazi mbaya. Umeiagiza.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama kazi yako ni kuruka kutoka ndege, nunua F1, ni kisu cha haki. Kama unapanda mlima wikendi, Mora inakutosha na kukuzidi. Na kama kweli unataka kisu cha maisha, kile utakachomwachia mwanao, nenda kwa mhunzi na 3,000. Mwambie unataka springi, msuka upite mpini mzima, akizamishe kwenye mafuta, kisha akipashe tena polepole. Mwambie utarudi baada ya wiki. Ukirudi, beba tupa: ipitishe kwenye makali. Ikiteleza, moto umeshika. Ikikwaruza, mrudishie akirudie, na usimdai punguzo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kizuri nacho kinatembezwa, kimevishwa theluji, na kile chetu kimekaa chini juani kikingoja mtu asiyepunguza bei.